Kamasi za Dada Mtu, Kifua cha Mdogo Wake

Barua za msimu huu wa mvua zinafanana. Nyumba nzima inakohoa, kila mtu ana kadi yake ya chanjo, na mwandishi anataka kujua zile sindano zimefanya kazi gani. Nimechagua tano, nimezifupisha, majina nimeyaacha. Kwa msomaji mgeni: mimi ni muuguzi mstaafu wa kliniki ya mama na mtoto, mkoani Tanga. Nilianza kuchoma chanjo mwaka 1981 na nikastaafu 2018. Ninaishi na wajukuu wanne, na haya mnayoniandikia yananihusu na mimi.

Swali kutoka Mbagala, Dar es Salaam

Shikamoo Nesi. Nina watoto watatu. Wa kwanza yuko darasa la tatu, wa pili chekechea, wa mwisho ana miezi mitatu. Mimi na baba yao tulichanjwa Uviko, na kadi za watoto hazina pengo, sijaruka tarehe hata moja. Mwezi wa tano mkubwa alirudi shuleni na mafua ya kawaida, hata homa hakuwa nayo. Siku nne tano baadaye mchanga akaanza kukohoa, akashindwa kunyonya, na usiku mbavu zikawa zinaingia ndani. Tukapanda bodaboda usiku huo huo. Tulilazwa siku sita, akawekewa oksijeni. Mama mkwe anasema machanjo ndiyo yaliyomdhoofisha. Mimi najiuliza: kama wote tumechanjwa, ugonjwa ulipita wapi?

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole kwa baba yao. Ile bodaboda ya usiku ndiyo iliyomwokoa. Wapo wanaosema tusubiri kupambazuke, na kwa mtoto wa miezi mitatu ambaye mbavu zinazama, kupambazuka ni mbali.

Kwa barua siwezi kukuambia ni kirusi gani kilichomlaza. Lakini mafua mepesi kwa mkubwa, kisha kifua kubana kwa mchanga, ni sura ninayoifahamu: ni sura ya RSV. Kirusi hiki karibu kila mtoto hukipata kabla ya kutimiza miaka miwili. Mtu mzima humpa mafua, na mara nyingine hata hayo asiyahisi. Kwa mchanga mambo ni mengine, kwa sababu vijia vya hewa ndani ya mapafu yake ni vyembamba mno. Vikivimba kidogo tu na kujaa kamasi, hewa inapita kwa taabu, naye anatumia nguvu zake zote kuvuta pumzi mpaka hazibaki za kunyonya.

Sasa tuifungue kadi. Kila chanjo humfundisha mwili kumtambua adui wake, na adui mwingine haimfundishi. Penta inazuia dondakoo, pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B na bakteria anayeitwa Hib. PCV inazuia aina kubwa za bakteria wa nimonia. Ya Uviko inajua Uviko. Kwenye kadi nzima hakuna mstari wa RSV. Kwa hiyo hakuna chanjo iliyomwangusha mwanao. Ile ambayo ingemkinga na kirusi hiki hakuwa nayo. Msalimie mama mkwe, na umweleze kwa heshima kwamba zile dozi za PCV alizokwisha kupata zilikuwa zinamlinda hata wodini. Kirusi kikishakwangua njia ya hewa, bakteria anaweza kufuata nyuma kumalizia, na huyo wa pili naye anaweza kuua.

Ulipita wapi? Hili lilipimwa hapa hapa pwani yetu. Kuanzia Desemba 2009, kwa miezi sita, watafiti wa kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na Wellcome kule Kilifi walizifuata kaya 47 za vijijini. Kila kaya ilikuwa na mtoto mchanga na angalau kaka au dada mwenye umri chini ya miaka 13. Mara mbili kwa wiki walipita nyumba hizo na kuchukua sampuli ya pua ya kila mtu, awe anaumwa au mzima. Watu 493, sampuli karibu 17,000. Mimi niliyewahi kumshika mtoto wa miaka mitatu ili achukuliwe sampuli moja tu ya pua, nawavulia kilemba akina mama wale.

Walichokiona ni hiki. Zaidi ya nusu ya wachanga walioambukizwa RSV walikipata humo humo ndani, kutoka kwa mtu wa nyumbani. Pale aliyekileta alipotambulika, mara nyingi alikuwa kaka au dada, na karibu wote hao walikuwa wanasoma shule. Tena, kama asilimia 42 ya maambukizi yote waliyoyanasa hayakuwa na dalili yoyote. Hakuna chafya, hakuna homa, mtu anakula na kucheza, na kirusi kiko puani.

Rudi sasa kwenye barua yako mwenyewe. Darasa la tatu, mafua ya kawaida, hata homa hakuwa nayo. Mlango ni huo.

Lakini nakuomba jambo moja kama mama. Huyo binti wa darasa la tatu, au kijana, hukusema, asisikie kamwe kwamba yeye ndiye aliyemuuguza mdogo wake. Niliwahi kumpokea kliniki mama aliyekuja na binti yake wa miaka tisa. Mtoto huyo kwa miezi alikuwa hataki kumbeba mdogo wake, hata kumsogelea, kwa sababu shangazi yake alimwambia, "Wewe ndiye uliyetaka kumuua." Mtoto hawezi kwenda shule bila kupumua na wenzake.

Chanjo ya RSV ya kuwachoma wanafunzi, ili kirusi kikomee kwao, haijapatikana. Zilizopo ni za mama mjamzito na za wazee, na ya mjamzito nimeieleza kwenye jibu linalofuata. Kwa hiyo mkubwa akirudi na mafua safari nyingine, kazi ni ya mikono na hewa. Najua wengi mmepanga chumba kimoja au viwili, sitawaambia habari za chumba cha mgonjwa. Mchanga alale upande wa dirisha, dirisha likiwa wazi, na mkubwa kichwa chake kiwe ncha ya pili. RSV hukaa juu ya vitu vigumu kwa saa kadhaa, na mikononi kwa muda mfupi zaidi lakini wa kutosha kuhamia kwa mwingine, kwa hiyo kila akifuta kamasi anawe kwa sabuni, na kanga iliyofuta pua yake isimfunike mdogo. Kubusu kusubiri wiki. Jiko la mkaa libaki nje hata kama mvua inanyesha, tafuta kibaraza. Na usiache kunyonyesha, hata kidogo kidogo, hata kwa kukamua na kumnywesha kwa kijiko.

Jifunze pia kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii, mfunue kifua, weka saa ya simu, hesabu dakika nzima. Nusu dakika haitoshi, maana wachanga hupumua kwa kurukaruka. Aliye chini ya miezi miwili akifika 60, wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, ondoka nyumbani. Mbavu zikizama, au akikataa kunyonya, hata usihesabu.

Swali kutoka Leicester, Uingereza

Shikamoo Nesi. Nina mimba ya wiki 29, ni ya kwanza. Mkunga wa hapa ananiambia nichome chanjo ya RSV. Mama yuko Unguja, anasema mjamzito hachomwi vitu vipya. Sitaki kumvunjia heshima mama, na sitaki kumkosea mwanangu.

Marahaba mwanangu, na hongera. Kachome.

Uingereza ilianza kuwapa wajawazito chanjo hiyo mwaka 2024, kuanzia wiki ya 28. Hesabu yake ni nyepesi: mwili wako unatengeneza askari wa kinga, askari wanavuka kondo la nyuma, mtoto anazaliwa akiwa nao tayari. Jaribio kubwa lililotolewa mwaka 2023 lilihusu wajawazito karibu 7,400 katika nchi 18, Afrika Kusini na Gambia zikiwemo. Katika siku 90 za kwanza za maisha, RSV kali ilipungua kwa asilimia 82 kwa watoto wa mama waliochanjwa, na ukihesabu hadi miezi sita, asilimia 69. Baada ya chanjo kuanza kutumika huko uliko, hospitali za England na Scotland zilifuatilia, zikakuta kwamba mama akichanjwa zaidi ya wiki mbili kabla ya kujifungua, hatari ya mtoto kulazwa kwa RSV inapungua kwa asilimia 72. Zile wiki mbili ni za askari kuzaliwa na kuvuka. Ndiyo maana nasema kachome wiki hii, usingoje ya 36.

Kwa mama, jaribu njia hii. Mkumbushe kwamba alipokuwa na mimba yako naye bila shaka alichomwa sindano ya pepopunda kliniki, na ndiyo iliyokukinga wewe ulipokatwa kitovu. Chanjo hii ni ngeni, lakini njia inayopita ni ile ile aliyoipita yeye. Nadhani atakuelewa. Akina mama wa Unguja ninaowafahamu hawashindwi na hoja iliyotokea ndani ya mwili wao.

Ujue tu kwamba sindano hii haimzuii mgeni kuja na kirusi siku ya kumtazama mtoto. Kirusi kitaingia nyumbani, kitamfikia, ila kitamkuta amevaa. Mgeni mwenye mafua bado aambiwe arudi wiki ijayo.

Nami niseme linaloniuma. Shirika la Afya Duniani limeshashauri nchi zote ziwape wajawazito chanjo hii, au wachanga wapewe kingamwili ya RSV ya kudumu muda mrefu. Hadi ninapoandika, haimo kwenye ratiba ya kliniki ya wajawazito Tanzania wala Kenya. Mama wa Kilifi walitoa pua za watoto wao mara mbili kwa wiki, dunia ikajifunza kirusi hiki kinavyotembea chumbani, na leo sindano iko Leicester na kwao haijafika. Kila mwenye sauti kwenye kamati ya afya ya kata, kwenye kikao cha madiwani, popote, naomba aitaje kwa jina.

Swali kutoka Kisauni, Mombasa

Nesi, mimi ni mwalimu. Nilidungwa AstraZeneca mara mbili mwaka 2021. Mwaka huo huo Korona ikanipata, na nikamwambukiza mke wangu, ambaye pia alikuwa amedungwa. Tulikuwa tumeambiwa chanjo inakata maambukizi. Sasa watu wananiuliza chanjo yoyote na mimi nasita. Nani alisema ukweli?

Mwalimu, wewe unastahili namba, kwa sababu swali lako ni la mtu aliyeamini akaumizwa na maneno.

Mwanzoni mwa 2021, England walipitia kumbukumbu za kaya mamia kwa maelfu ambamo mtu mmoja alipata Uviko. Aliyeugua akiwa hajachanjwa, kati ya watu 100 wanaoishi naye, kama 10 walionekana kuambukizwa. Aliyeugua akiwa amepata dozi moja siku 21 au zaidi kabla, waliambukizwa kama 6. Elewa vizuri: huyu ni mtu ambaye chanjo imeshindwa kumzuia asiugue, na bado aliwaambukiza wachache zaidi nyumbani kwake. Waliosema chanjo inapunguza maambukizi walikuwa wameshika namba hiyo.

Kisha ikaja Delta, aina mpya ya kirusi cha Uviko. Watafiti wa Imperial College London walizifuata kaya kwa kupima watu kila siku. Waliochanjwa wakiishi na mgonjwa, 25 kati ya 100 waliambukizwa, wasiochanjwa, 38. Bado kuna nafuu. Lakini mgonjwa aliyechanjwa aliwaambukiza watu wa nyumbani sawa na mgonjwa asiyechanjwa, na kwenye kilele cha ugonjwa virusi puani mwao vililingana, ingawa vya aliyechanjwa viliondoka upesi zaidi. Kirusi kilikuwa kimebadilika, na ile kinga ya puani na kooni, tofauti na ya ndani ya damu na mapafu, hushuka miezi ikipita.

Kwa hiyo anayesema "inapunguza" alisema kweli, na kiasi kimebadilika kadiri kirusi kilivyobadilika. Aliyesema "inakata" alizidisha. Na mimi ni mmoja wao. Agosti 2021, baada ya kuchoma Janssen, nilikaa barazani nikawaambia majirani kwamba sasa mtu hawezi kumpelekea mzee wake ugonjwa. Nilikosea. Miezi ile ile mume wangu, mwenye kisukari, naye amechanjwa, aliugua, nami nikafuata. Alilala siku nne, akainuka, oksijeni hakuhitaji. Niliwarudia wale majirani mmoja mmoja nikawaambia nilivyokosea, na wawili kati yao walikwenda kuchanjwa baada ya hapo. Watu wanastahimili kuambiwa kwamba kinga ni ya nusu. Hawastahimili kuahidiwa ukuta kisha wakakuta uzio.

Kuna namba moja zaidi ninayoipenda kwa sababu inahusu nyumba yenye watoto. Israel waliangalia watoto ambao hawajachanjwa, wakauliza: wazazi wao wakichanjwa, watoto wanapata nini? Mzazi mmoja akichanjwa, wakati wa Alpha, aina ya kirusi iliyotangulia Delta, hatari ya mtoto kuambukizwa ilipungua kwa asilimia 26. Wote wawili wakichanjwa, 72. Wakati wa Delta zikashuka, 21 na 58. Ukimchanja mmoja umefunga mlango wa mbele na wa uani umeuacha wazi. Ndiyo maana pengo kati ya mmoja na wawili ni kubwa hivyo. Ukiulizwa darasani, mwalimu, toa mfano huo. Watoto wa Kisauni wanajua nyumba yenye milango miwili.

Kumwambukiza mkeo hakukuwa kosa lako, na kadi yenu haikuwa bure. Siwezi kujua wewe na yeye mngeuguaje bila hizo sindano. Niliwauguza majirani ambao hawakuwa nazo, na sitasahau.

Swali kutoka Moshi

Shikamoo. Tunaishi na baba, ana miaka 78 na pumu. Hospitali moja ya kulipia imetaja chanjo ya influenza. Pesa hazitoshi kwa wote. Tumchome yeye, au watoto wanaomletea mafua?

Marahaba. Mchomeni yeye kwanza.

Wazo lenu la watoto si baya, lina ushahidi. Magharibi mwa Kanada wako Wahutterite, Wakristo wanaolima pamoja na kula meza moja, kijiji kizima kama kaya kubwa. Katika msimu wa 2008 na 2009, kwenye baadhi ya vijiji vyao watoto wa miaka 3 hadi 15 walipewa chanjo ya influenza, kwenye vingine wakapewa chanjo nyingine kabisa. Watu ambao hawakuwa kwenye hao waliochomwa, pale watoto walipopewa ya influenza, influenza kwao ilipungua kwa asilimia 61. Watoto walichanjwa, babu wakapona.

Lakini Senegal, eneo la Niakhar, walijaribu jambo hilo hilo kwenye vijiji 20, na faida kwa wasiochanjwa haikuonekana wazi. Nadhani, na haya ni maoni yangu, nyumba zetu za Afrika hazina uzio wa Wahutterite. Kuna msiba, kuna mnada, kuna shangazi amekuja na wanawe. Kuchanja watoto wawili wa nyumba moja hapa Moshi hakuwezi kumzungushia mzee ukuta. Pesa ikiwa ya mtu mmoja, ni ya baba. Ikipatikana ya wa pili, ni ya yule anayemwandalia chakula na kulala karibu naye. Na muiweke kwenye bajeti ya kila mwaka, kwa maana kirusi cha influenza hubadilika na chanjo hutengenezwa upya kukifuata. Dawa yake ya kuvuta ya pumu isikatike hata akijisikia vizuri.

Swali kutoka wilaya ya Kilindi, Tanga

Nesi, shuleni kwetu wametangaza surua. Nina mapacha wa miezi saba na mkubwa wa miaka minne. Mkubwa alichanjwa ya miezi tisa, ya mwaka mmoja na nusu tulikuwa shambani, haikuchomwa. Mkubwa hasomi bado ila binamu zake wanaosoma wanalala kwetu. Nisubiri mapacha wafike miezi tisa?

Usisubiri. Nimeiweka barua yako mwisho ili niipe nafasi, na ningeweza ningekujibu kwa simu.

Yale niliyoyasema juu kuhusu kupunguza na kubadilika, kwa surua yaweke kando. Surua ni virusi vya njia ya hewa kama hivyo vingine, na ni vikali kuliko vyote: kwa kila watu kumi wasio na kinga wanaoishi na mgonjwa, tisa huambukizwa. Hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Mgonjwa huanza kuambukiza siku nne kabla ya vipele, wakati nyumba nzima bado inasema ni mafua. Lakini chanjo yake nayo ni hodari. Dozi ya miezi tisa huwakinga kama watoto 85 kati ya 100, na mbili huwakinga kama 97. Na aliyekingwa na surua kwa kawaida haibebi kwenda kwa mwenzake. Hapo mlango unafungwa kweli.

Mwaka 1983, kwenye zahanati niliyokuwa, wilayani Pangani, ililetwa nyumba moja, watoto watano, mkeka mmoja wa kulalia. Wa kwanza kuugua alikuwa mkubwa, aliipata kwa wenzake. Alichakaa lakini alikuwa anatembea. Wa pili aliugua zaidi yake. Wa tatu na wa nne, walioipata wiki mbili baadaye wakiwa wamelala wamekumbatiana na hao wakubwa, tuliwazika. Niliandika kwenye daftari langu: kwa nini wa mwisho ndio wanaokufa? Nilidhani ni utapiamlo, kama tulivyofundishwa. Miaka mingi baadaye nikasoma kazi ya mtafiti wa Kidenmaki, Peter Aaby, aliyefuatilia mlipuko wa surua Guinea-Bissau mwaka 1979. Aliona kile kile: mtoto aliyeambukizwa ndani ya nyumba na ndugu yake alikuwa kwenye hatari kubwa ya kufa kuliko aliyeipata nje. Maelezo yake ni msongamano. Ukiipata uwanjani, umepumua virusi kwa dakika chache. Ukiipata mkekani, umevipumua usiku kucha, siku baada ya siku, na mwili hauna muda wa kujiandaa.

Tangu siku hiyo, nilipomchoma mtoto mkubwa, nilikuwa nahesabu na wadogo zake moyoni.

Kwa hiyo mkubwa wako wa miaka minne aende kesho akachomwe ile ya pili. Hakuna kuchelewa kunakoifuta; muuguzi atakuandikia na hapaswi kukugombeza. Binamu zake waje na kadi zao, aliye na pengo azibe. Mapacha, kwa kuwa wameshapita miezi sita na mlipuko umetangazwa, uliza kama wanatoa dozi ya mapema. Ipo, huitwa dozi sifuri, kwa sababu haihesabiwi: watarudi miezi tisa na kumi na nane kama kawaida, na ukiambiwa "si walishachomwa" usikubali. Kama mmoja wenu amekaa na mgonjwa, chanjo ndani ya saa 72 bado inaweza kumuokoa. Akiugua tayari, mwombe muuguzi ampe vitamini A, dozi moja siku ya kwanza na moja siku ya pili, kwa ajili ya macho yake na uhai wake.

Usiku wa leo mapacha walale na wewe, mbali na binamu, dirisha wazi. Na kesho mkifika, ikiwa yeyote ana homa au macho mekundu, simama nje na umtume mtu aseme mlangoni kwamba mnatoka kwenye surua. Usiwaketishe kwenye benchi la kliniki. Benchi lile asubuhi limejaa wachanga wa wiki sita.